Vipimo vya Kwaya ya Rusagara

Mwaka 1998, vita vikiwa vimeingia mwaka wa tano, kanisa la Rusagara, kitongoji cha nje kidogo ya Bujumbura, liligundua limepungukiwa na kitu kimoja tu: majoho ya kwaya. Paa lilikuwa na matundu ya risasi, soko limebaki majivu, nusu ya waumini wamekimbia na nusu wanalala vichakani. Lakini askofu alikuwa anakuja kwenye jubilei, na askofu haimbiwi na watu waliovaa matambara.

Basi mwenyekiti wa kwaya, mzee Theophil, akatuma faksi Guangzhou, Uchina, kwa Agustino, mfanyabiashara wa Kigoma aliyekuwa huko kununua bidhaa. Majoho arobaini ya bluu, kola nyeupe, na orodha ya majina na vipimo.

Agustino alimkabidhi karatasi msaidizi wake, Flavia, mzaliwa wa Rusagara aliyekimbilia Kigoma. Walikuwa Shisanhang, mtaa wa maduka ya nguo, na laoban, yule mama mwenye duka, alishashika chaki.

"Namba kumi na saba," Agustino alisema. "Felisia, kifua inchi arobaini. Miezi saba unanililia dada, dada, hujui kama yu hai. Dada huyo hapo, anashonewa joho!"

Flavia aliivuta karatasi karibu. Alisoma taratibu, kidole juu ya mstari. Namba tisa alikuwa Benjamin wa sauti ya nne, mzima wa afya kwa mujibu wa orodha, ila Flavia alishuhudia akifukiwa nyuma ya shule. Namba ishirini na mbili alikuwa Flavia mwenyewe, hongera zake, anaimba Rusagara huku amesimama Uchina. Mzee Theophil alikuwa amenakili daftari la kabla ya vita. Kwaya yake haikuwahi kufiwa.

"Tupige simu, kaka."

"Kuuliza nini? Karatasi si hiyo?"

"Majoho yakiwapwaya mbele ya askofu, atalaumiwa nani?"

Hilo Agustino alilielewa upesi. Walivuka hadi kibanda cha simu. Kule Rusagara, simu ya parokia ilikaa meza moja na askari, kwa usalama wa waumini, ndiyo maana kwenye simu ile hakuna aliyewahi kutajwa kuwa amekufa.

"Huku amani tele, binti," alisema mzee Theophil. "Sote wazima."

"Tumshukuru Mungu, mzee. Naulizia vipimo tu. Leokadia?"

"Punguza inchi nne."

"Jovin?"

"Tatu. Na mkanda umtafutie."

"Benjamin?"

Mzee alikohoa. "Benjamin… acha vilevile."

Flavia aliukamata waya wa simu. Kule watu walikuwa wanakula kisamvu bila chumvi. Aliyebaki na mwili wake wa zamani ni yule asiyekula tena.

"Evaline?"

"Vilevile."

"Na… Felisia?"

"Yule wa sauti ya pili?"

"Huyo huyo, mzee."

"Ah, huyo amebaki ufagio! Punguza saba. Hata nane."

Flavia alichuchumaa palepale, anacheka, machozi yanamtoka.

"Kuna nini?" Agustino aliuliza.

"Dada amekonda, kaka! Inchi nane!"

"Mtu ana njaa, wewe unashangilia. Nyie watu wa Rusagara vita vimewaharibu kabisa."

Flavia alikuwa ameshavuka barabara, akimwonyesha laoban kwa vidole: joho la namba kumi na saba aliache na pindo pana, la kufumuliwa Felisia akinenepa.