Kitundu Kilichoandikwa "Betri"

Kambi ile ya milimani Colorado iliruhusu jenereta asubuhi tu, saa mbili hadi saa nne. Kwa Verna muda huo ulitosha. Usiku kucha betri za trela walimolala ziliendesha mashine ya kupumulia ya mumewe, Orrin, na betri zikiamka tupu hupokea umeme kwa pupa.

Asubuhi hiyo ya Novemba kazi ya kuchaji alimwachia shemeji yake, Delbert, aliyefika jana yake na kigari chake cha kulala, ili yeye amwogeshe Orrin.

Saa tatu na nusu alitoka nje. Jenereta ilikuwa inanguruma. Delbert amejibweteka kando yake, hita ya umeme miguuni, kikaango cha umeme mbele yake, anatafuna bekoni. Mafuta yalikuwa yamemgandia ndevuni kama nta. Verna alifuata nyaya kwa macho. Kebo nene ya kupeleka umeme kwenye chaja ya trela ilikuwa bado imeviringishwa. Kwenye betri zilifika nyaya mbili nyembamba tu, zikitoka kwenye kitundu kidogo cha jenereta.

"Shemeji, umechomeka wapi?"

"Hapa. Si pameandikwa 'betri'? Nami kusoma najua."

"Hapo panatoa umeme wa matone tu. Saa nzima na nusu ya matone! Chaja yenyewe iko ndani, inangoja kebo."

"Ah, umeme ni umeme, Verna. Njoo uonje kipande, hasira zishuke."

Akampungia kipande kilichokuwa kikichuruzika, kisha akalamba vidole vyote vitano, kimoja kimoja. Verna alichomoa hita, akachomoa kikaango, akachomeka kebo. Jenereta ikabadili sauti, ikawa nzito.

Saa nne kamili mlinzi wa kambi alipita. "Muda, mama. Zima."

Kipimo ukutani kilionyesha betri hazijafika hata nusu. Kwa baridi ile, Orrin angepumua kwa mashine hadi saa saba za usiku, basi.

Verna alichukua spana, akaenda kufungua boneti ya kigari cha Delbert.

"We! Hizo betri zangu!"

"Zimejaa. Umezichaji njia nzima ukija."

"Na mimi leo feni ya joto nitaiwasha na nini?"

"Vaa soksi mbili, shemeji," alisema bila kugeuka, akaanza kulegeza waya mweusi.