Mzigo Uliolala

Chuoni waliniita Kiherehere, na kwenye mchezo wetu wa kompyuta kiherehere kilinilipa. Ulikuwa mchezo wa kuendesha kampuni: unanunua malighafi, unazalisha, unauza, kisha unabonyeza "Wiki Ijayo". Mwalimu alisema unatuandaa kwa ajira. Mzigo uliolala ghalani ulikata pointi, basi mimi sikulaza kitu. Nikashinda darasa zima, na zawadi ikawa wiki moja ya majaribio kwenye karakana ya sabuni. Nikifanya vizuri, Ijumaa mwenye karakana angenisainia mkataba. Niliutaka kwa udi na uvumba, maana dada na shemeji walishanichoka sebuleni kwao, ingawa kwa adabu zao hawakusema.

Siku mbili za kwanza nilipewa daftari la maagizo ya maduka, niandike na kukaa. Kukaa kwenyewe kulinishinda. Jumatano mama mwenye karakana alitoka kufuata mafuta, nami bila kutumwa nikafungua chumba cha nyuma. Rafu nne zimejaa miche ya sabuni hadi darini, imetulia tu, haina habari na mtu. Damu ilinichemka. Watu wazima wanaendesha biashara hivi? Nikayapigia simu maduka yaliyoandikwa daftarini, nikamwambia dereva wa karakana apakie, na kabla ya saa sita rafu zilikuwa tupu. Nilijiona mkurugenzi.

Mzee mchanganyaji, mtu wa maneno machache, alirudi kutoka kula, akachungulia rafu, akashika kichwa. Aliokota mche mmoja uliosahaulika, akaniambia niubonyeze. Kidole gumba kilizama. Ile sabuni ilikuwa na siku tano, na sabuni yao hukaushwa wiki nne kabla ya kuuzwa, la sivyo inachubua ngozi. Kwenye mchezo, ukishazalisha tu, mzigo uko tayari.

Nilimrudisha dereva barabarani mbiombio. Maduka manane, na kila duka nilisema lilelile: nimekosea mimi, naomba mzigo. Duka la saba lilikuwa limeshauza miche miwili, nikamfuata mnunuzi hadi mlangoni kwake. Viganja vilikuwa vinaniwasha na aibu ilikuwa inaniwasha zaidi.

Mama mwenye karakana alitukuta tunashusha. Nilimweleza yote kabla hajauliza, miguu haitulii.

"Ijumaa sisaini," alisema.

Nikaanza kutafuta mkoba wangu.

"Nitasaini sabuni hizi zikikauka. Bado wiki tatu na ushee. Kila siku zinageuzwa, mche mmoja mmoja, na wa kuzigeuza ni wewe, binti."

Nilitazama ile miche, mia tisa na zaidi, nikataka kulia na kukimbia kwa wakati mmoja. Kisha nikafanya jambo ambalo sikuwa nimelifanya hata mara moja tangu nifike pale. Nilimgeukia mchanganyaji.

"Samahani, mzee. Naanzia upande gani?"