Alhamisi Waliyokwenda Maporomokoni

Mtaani walikuwa wakiitwa Saa Tisa, mume na mke kwa jina moja. Kila Alhamisi, saa tisa kamili ya mchana, walichomoza kwenye kona ya mashine ya kusaga, Mzee mbele na mwavuli, Bibi nyuma na mkoba wa vitabu. Mama muuza mkaa akiwaona tu alimwambia bintiye, "Saa Tisa hao, injika maharage."

Mzee alikuwa amestaafu ufundi umeme, Bibi ukunga. Kanisa lao liliwatuma mji ule, mbali na kwao, kwa miezi kumi na minane ya kutembelea watu majumbani. Sasa zilibaki siku chache, na Bibi alikuwa na jambo moja tu lililomkaa rohoni: seremala.

Seremala alikuwa nyumba ya kwanza katika ziara zao. Zamani aliimba kwaya. Mkewe alipofariki, miaka tisa nyuma, waumini walijaa uani siku tatu. Siku ya nne hakuja hata wa kuchukua sufuria alizoleta kupikia matanga. Tangu hapo hakukanyaga kanisani. Saa Tisa wakifika aliwafutia vumbi la mbao kwenye benchi, akasikiliza neno, kisha akajibu lile lile.

"Nitakuja, Mungu akipenda."

"Mungu ameshapenda zamani," Mzee humjibu. "Umebaki wewe."

Wakacheka, wakaagana, na wao wakaendelea hadi kwa bibi kipofu wa nyumba ya mwisho, ambaye huwa ameshawapangia viti viwili na kumsomea ni lazima. Bibi hakumwambia mtu, ila kwa Mungu aliomba waziwazi: asiondoke kabla ya kumwona seremala kanisani.

Mzee naye alikuwa na lake. Alitaka kuyaona maporomoko ya maji yaliyokuwa mwendo wa saa mbili kwa gari. Kila walipopanga, mara mvua, mara msiba. Wiki ya mwisho gari la kanisa likapatikana, lakini siku ya Alhamisi tu.

"Alhamisi?" Bibi akauliza.

"Mama, nyumbani wakituuliza tumeona nini, tuseme tumeona benchi la seremala? Alhamisi zote hizi hatujakosa hata moja. Watu wapewe taarifa, basi."

Watu wapewe taarifa. Mzee aliposema hivyo alijua amemwachia mkewe. Bibi naye jioni ile alimsikia Mzee uani akiongea na simu kwa sauti kubwa, kama kawaida yake, akajua taarifa ndiyo hiyo inatolewa. Kumbe alikuwa akimwuliza dereva kama tairi la akiba lipo.

Maporomoko yalikuwa makubwa kweli. Maji yaliruka hadi kwenye ukingo wa mbao na kuwalowesha wageni, nao wageni walifurahi kuloweshwa. Mzee alisogea mbele kama kijana.

"Rudi nyuma," Bibi akamwambia. "Ukiteleza hapo hatutaokota mtu, tutaokota meno ya bandia."

"Na wewe acha kutazama saa. Maporomoko hayako kwenye mkono wako."

Ilikuwa saa tisa kasoro dakika mbili.

"Seremala alisemaje ulipompigia?" Bibi akauliza.

"Nilimpigia mimi?"

Walitazamana. Mzee alijipapasa mifuko, ingawa wote walijua simu yao moja iko wapi. Ilikuwa nyumbani, kwenye droo ya vijiko. Ndiyo sheria waliyojiwekea: Alhamisi simu haitoki, isije ikalia kwenye nyumba ya mtu. Waliiacha kwa mazoea.

Bibi alishika ukingo uliolowa, akayatazama maji yakishuka. Aliiwaza siku ya nne ile, na sufuria zilizobaki uani bila mwenyewe.

Walirudi jua likizama. Seremala alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlango wao, vumbi la mbao bado kichwani.

"Kumbe mko hai," alisema. Hakusimama.

"Tuko hai, baba," Mzee akajibu. "Kwani tungekuwaje?"

"Nimepiga simu mara kumi na moja! Nikasema mmoja wao amekufa, mwingine analia. Nikawafuata kwa yule bibi wa nyumba ya mwisho, labda mmeanzia kule leo. Namwuliza mmepita, ananiambia, 'Umechelewa, kaa.' Namwambia mama, mimi si wao. Ananiambia, 'Kwani nimekuuliza wewe nani? Viti vipo, kitabu kiko mezani.'"

"Ukafanyaje?" Mzee akauliza.

"Ningefanyaje? Nikasoma. Nikikosea ananirudisha nyuma. Kipofu yule, lakini anaona kila nukta."

Mzee alicheka hadi akashika ukuta. Bibi hakucheka.

"Tumekukosea," alisema. "Kila mmoja alidhani mwenzake amekuarifu."

Seremala alijipangusa magoti, akainuka.

"Mlikwenda wapi?"

"Kutazama maji," Bibi akajibu, akaona aibu.

"Mmeyaona?"

"Tumeyaona."

"Haya. Safari njema."

Jumapili, ibada yao ya mwisho, Bibi alikaa mahali pa kuuona mlango. Waliingia wengi. Seremala hakuja. Wimbo wa mwisho ulipokwisha Bibi alifunga kitabu chake, akawapa watu mkono mmoja mmoja. Jumatatu walipanda basi, wakaenda kwao.

Ijumaa ya wiki ile simu ililia Bibi akikunja nguo. Alikuwa mama muuza mkaa.

"Shikamoo, Bibi Saa Tisa. Mlifika salama?"

"Marahaba, mwanangu. Tulifika. Habari za huko?"

"Za huku nzuri, ila jana mmetuponza. Katokea seremala pale kona ya mashine, shati limepigwa pasi, kitabu kwapani, anakwenda kwa yule bibi wa mwisho. Mimi nikapiga kelele, Saa Tisa huyo, injika!"

Bibi alikaa kitandani, juu ya nguo alizokwisha kukunja.

"Na kanisani, je?"

"Kanisani bado."

"Haya," alisema Bibi. "Sasa mimi nimewaponza nini?"

"Maharage, Bibi! Tumekula mabichi. Mtu wenu hajui saa, kapita saa kumi kasoro robo."