Ncha Mbili za Safu

Irakoze ana meno mazuri. Nalisema mapema nisije nikaonekana namwonea. Anaimba sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Murukulazo, na mchumba wangu Anatory anaimba ya tatu. Kwa nini sauti ya kwanza na ya tatu zilihitaji mazoezi ya peke yao kabla ya safari ya Benaco, nimeelezwa mara nyingi na bado sijaelewa.

Mimi Benaco sikwenda. Nilibaki Nyakanazi kwenye kibanda changu cha picha, nawapiga pasipoti madereva wa malori huku roho ikiniuma. Jumapili iliyokuwa inakuja padri angetangaza ndoa yetu kwa mara ya mwisho.

Katikati ya wiki akaja mama Petronila, mwenyekiti wa kwaya, na flashi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hii picha yetu ya Benaco inakataa kufunguka. Ni hiyo hiyo moja, mpiga picha ameshafuta kwake."

Nikaifungua faili. Mwanzo wake, pale panapoelezwa upana wa picha na mahali rangi zinapoanzia, palikuwa pameharibika. Rangi zenyewe zilikuwepo, tena hazijabanwa ili kupunguza ukubwa wa faili.

Watu hudhani picha hukaa kwenye kompyuta kama inavyokaa ukutani. Wapi! Kumbukumbu ya kompyuta haina juu wala chini, ina mstari mmoja mrefu wa namba. Kila nukta ya picha, ile tunayoiita pikseli, ni namba tatu: nyekundu, kijani, buluu. Inafuata nukta ya jirani, kisha nyingine, mpaka safu ya picha iishe, na hapo hapo, bila nafasi hata ya kupumua, inaanza safu ya pili. Nukta ya mwisho kulia inagusana na nukta ya kwanza kushoto ya safu inayofuata. Anayesoma ndiye anayepaswa kujua aanzie wapi na akate wapi.

Nikaandika programu fupi. Upana niliupata kwa kujaribu jaribu, maana ukiukosea picha yote inalala upande. Mahali pa kuanzia nilipakisia tu. Watu walipokaa wima na rangi zikakubali, sikutaka kuangalia kingine. Katikati kabisa, bega kwa bega, walisimama Irakoze na Anatory wangu. Kila mmoja alikuwa amegeuzia uso upande wake, anachekea huko, kama vile hawajuani. Ujanja wa kitoto! Damu ikanipanda, nikachukua simu.

"Mmebanana mbele ya kwaya nzima, hata aibu hamna?"

"Jovina, mimi nilisimama mwisho kabisa kushoto," Anatory akasema. "Yeye alikuwa mwisho kulia."

"Picha ninayo mbele yangu!"

"Basi picha yako ni ya uongo."

"Kamwambie padri hilo tangazo aliache," nikasema, nikakata.

Mama Petronila alikuwa ameinamia kompyuta. Badala ya kunipa pole akacheka mpaka akashika kiuno.

"Mwanangu, mbona mwarimu Wiston umempasua?"

Nikatazama. Mwalimu wa kwaya, ambaye siku zote husimama katikati, alikuwa nusu ukingo wa kushoto na nusu ukingo wa kulia, sikio moja huku na jingine kule. Nilikuwa nimeanza kusoma nusu safu mbele. Kila safu ilianzia katikati ya watu, ikafika ncha ya kulia, kisha ikaunga na ncha ya kushoto ya safu inayofuata. Ukuta mweupe wa kanisa uliokuwa nyuma yao ukaficha kiungo. Waliokuwa mbalimbali nikawafanya majirani. Programu yangu ndiyo iliyowaoanisha.

Sijawahi kufurahia kosa langu kama siku ile.

"Mpigie mwenzio umwombe radhi, kabla hajafika kwa padri," mama Petronila akasema.

Nikampigia, nikajishusha mpaka chini. Anatory akacheka, akasema wivu utaniua. Nikamwambia ni kweli, utaniua, anisamehe tu. Huku namsikiliza, kwa mkono mwingine nikarudisha mwanzo nyuma nusu safu, nikaendesha programu upya.

Picha ikafunguka. Mwalimu Wiston mzima, katikati. Anatory ncha ya kushoto, Irakoze ncha ya kulia, kwaya nzima kati yao, kama alivyosema. Wote wanamtazama mpiga picha, isipokuwa wao wawili. Anatory amegeukia kulia, Irakoze amegeukia kushoto. Wameinama kidogo kwa mbele ili vichwa vya wenzao visiwazibe, na wanachekeana. Yale meno yote nikayaona.

"Umeona sasa?" Anatory akauliza kwenye simu.

"Nimeona," nikasema.