Uzito wa Viti Vitupu

Saa saba mchana Kijiko alitaka kusogeza kiti ili apige deki chini yake, kiti kikagoma. Kilikuwa kiti cha mbao, kipya, bado kinanuka vanishi, na asubuhi ile ile alikuwa amekishusha kwenye mkokoteni kwa mkono mmoja. Akajaribu cha pili. Nacho kikagoma. Akazunguka meza zote na tambara lake, akakuta viti vingi vimekuwa vizito na vichache vimebaki vyepesi, akapiga deki chini ya hivyo vichache, kisha akakaa kusubiri. Kufikia saa tisa vyote vilikuwa vyepesi tena, akamaliza kazi yake.

Jioni alipanda ghorofani kumweleza mama yake.

"Ni wateja," alisema. "Wamewahi tu."

Mama alikuwa akichambua dengu. Alisema afadhali hao waliowahi, fundi bomba alimwahidi wiki iliyopita na hajaonekana mpaka leo, akaendelea kuchambua.

Chumba cha chini kilikuwa mali ya mama, na ndicho kilichomlisha tangu afiwe na mumewe. Fundi cherehani aliyekuwa amekipanga alishahama. Sasa walikitaka watu wawili: Kijiko, binti yake wa mwisho, aliyetaka kufungua mgahawa, na muuza magodoro wa mtaa wa nyuma, mtu mwenye subira aliyepita kila Ijumaa kuulizia. Kijiko alipata jina lake utotoni kwa sababu alitembea na kijiko mfukoni, akionja sufuria za majirani na kuwaambia kilichopungua. Utu uzima wake wote alikuwa amepika kwenye majiko ya watu. Safari hii alitaka jiko lake mwenyewe, na hakuwa na chumba kingine cha kukimbilia. Jiko na viti alishaviingiza kwa kukopa na kubembeleza, na kila siku alikuwa nyuma akijaribu mapishi.

"Viti kuwa vizito ni dalili njema," mama alisema. "Lakini mimi siingii kichwa kichwa. Nikikosea hapa nitakula nini? Mwite dada yako aje apime. Akisema watu watakuja, chumba ni chako. Akisema hawaji, nampa mwenye magodoro."

"Sawa, mama," alisema Kijiko, na alifurahi, kwa sababu dada yake hakuwa mtu wa kupendelea.

Dada yake alikuwa mkaguzi wa mizani. Alizunguka madukani na sanduku la mawe ya shaba, akiangalia kama kilo ya muuzaji ni kilo kweli, na mizani iliyodanganya aliifunga kwa lakiri mbele ya wateja. Hakuwahi kupokea hata soda. Mjomba wao, muuza sukari, alifungiwa mizani na yeye huyo huyo. Akanuna mwaka mzima, kisha akaanza kujisifia kwa watu kwamba ana mpwa asiyehongeka. Hata nyumbani walimwita Mkaguzi, na kila lenye shaka lilipelekwa kwake: homa ya mtoto, urefu wa pazia, tabia ya mpangaji. Wachumba wawili wa Kijiko walipimwa wakaonekana pungufu.

Na Mkaguzi alimwonea mdogo wake wivu. Hakuna haja ya kulizungusha jambo hili. Yeye alikuwa na kazi ya kudumu, nyumba, mume na heshima zake, na Kijiko hakuwa na mbele wala nyuma, lakini Kijiko akiingia mahali watu walisogea kumpa nafasi kabla hajaomba. Chakula cha Mkaguzi kilikuwa sahihi. Chumvi ilikuwa sahihi, moto ulikuwa sahihi, na tangu aolewe hakuna mtu aliyewahi kuomba aongezwe. Cha Kijiko watu walipangusa sahani kwa mkate, na wengine walipangusa sufuria. Jambo hilo lilikuwa limemkaa Mkaguzi kooni kama mwiba wa samaki, naye alikuwa amezoea kumeza kwa uangalifu.

Alichukua likizo, akaazima ofisini mizani ya kupimia magunia, akaja nayo. Hakushangaa wala hakubisha. Alianza kwa kuikagua mizani yenyewe kwa mawe yake, kisha asubuhi akaweka kiti juu yake: kilo nne. Saa saba sindano ilipanda polepole, ikatikisika kidogo kama vile mtu anajiweka sawa, ikatulia kwenye themanini na sita.

"Themanini na mbili ukitoa kiti," alisema Kijiko. "Huyo mwanamume."

"Au mwanamke mnene. Usiniharakishe."

Alishuku kila kitu, na hiyo ndiyo kazi yake. Alishuku sakafu, akahamisha viti kona hadi kona. Alishuku mbao, akaleta kiti cha chuma kutoka ofisini. Nacho saa saba kikawa na mtu. Alishuku kwamba ni wateja wa fundi cherehani, watu waliofuata suruali zao wakakuta amehama. Lakini watu wa suruali hawaji wote saa ya chakula. Alipeleka viti viwili ghorofani kwa mama na kingine akakiweka nje kibarazani, vikabaki vyepesi kama alivyoviacha. Alishuku kwamba ni mvuto wa kitu kipya, kwa kuwa watu hukimbilia kipya kisha wakachoka, akaongeza likizo. Akaona wale wale wanarudi, kila mmoja na uzito wake, wengine wakija na wenzao. Jumapili walikuja watoto. Aliwajua kwa sindano, ambayo haikutulia hata kidogo.

Palikuwa na jambo moja alilolitafutia shaka akaikosa. Viti viliongezeka uzito kadiri muda ulivyokwenda. Aliyekaa na kilo themanini na mbili alinyanyuka na themanini na tatu. Walikuwa wanakula, na walikuwa wanamaliza. Kwenye meza ya dirishani palikuwa na mmoja ambaye sindano yake ilipanda, ikapumzika, ikapanda tena.

Huyo wa dirishani ndiye aliyemharibia likizo. Alikuja jioni, watu wanapotoka kazini, na alikaa akiegemea kushoto mpaka mguu mmoja wa kiti ukalia. Mkaguzi akapima. Kesho yake akapima tena, ingawa hakuwa na haja. Mumewe, fundi wa majokofu, aliwahi kuanguka ngazini akaumia nyonga ya kulia, na tangu hapo hukaa hivyo. Uzito wake Mkaguzi aliujua kama anavyojua jina lake mwenyewe.

Nyumbani alimpakulia na kumtazama akila. Alikula nusu, kwa adabu.

"Mgahawa wa Kijiko ukifunguliwa," Mkaguzi alimuuliza, "utakuwa unaenda?"

Mumewe alilifikiria swali hilo kwa unyoofu, kama alivyofikiria jokofu la mtu. "Labda mara moja moja. Kumpa moyo shemeji."

"Mara moja moja."

"Si lazima, mke wangu. Kama hutaki siendi."

Mkaguzi alikuwa ameshamwona pale kila jioni, akiongezwa. Akaondoa sahani. Kabla ya kulala alijipima, akakuta ameongezeka kilo mbili na hali siku nzima hakuwa ametia kitu mdomoni. Alijua ni wivu, akashuka kwenye mizani.

Lilibaki jaribio moja, na alilifanya kwa sababu mkaguzi mzuri haliachi. Alitaka kujua kama watu wanakifuata chumba au wanamfuata mpishi. Siku moja Kijiko alikwenda kung'olewa jino, na Mkaguzi alikuwa na ufunguo. Alivaa aproni ya mdogo wake, akawasha jiko, akapika supu. Chumvi aliipima. Saa saba ikafika, sindano ikakaa kwenye nne. Akazunguka meza zote akinyanyua kiti kimoja kimoja kwa vidole viwili, na hakuna kilichomgomea. Jioni alikaa karibu na meza ya dirishani mpaka taa za barabarani zikawaka. Hata mumewe hakuja. Supu ilikuwa sahihi, na aliimwaga.

Kesho yake Kijiko alirudi na shavu limevimba, hawezi kuonja wala kuzungumza, akapika hivyo hivyo. Saa saba Mkaguzi hakuweza kusogeza kiti hata kimoja. Alisimama katikati ya chumba kilichojaa watu waliokuwa hawajaja, akawachukia wote kwa pamoja.

Ijumaa walikutana ghorofani, mama na binti zake wawili. Muuza magodoro alikuwa amepita kuulizia kama kawaida yake, akaambiwa asubiri ngazini.

"Haya, mwanangu," mama alimwambia Mkaguzi. "Watakuja, hawaji?"

Mkaguzi alisema viti vinakuwa vizito, hilo halikatai. Lakini sakafu ya nyumba hii ni kuukuu. Mbao nazo ni mpya, na mbao mpya huvuta unyevu. Tena huenda ni wateja wa fundi cherehani. Huenda ni mvuto wa kitu kipya, nao huisha. Na hata kama ni watu, mama, mtu anaweza kukaa kitini asile. Alizitaja shaka zake moja baada ya nyingine kwa sauti yake ya kazini, na hakuna hata moja ambayo hakuwa ameshaipima mwenyewe ikaanguka. Hilo la kuanguka ndilo alilolinyamazia. Siku ya jino hakuigusa kabisa.

"Kwa hiyo?" mama aliuliza.

"Kwa hiyo ushahidi hautoshi. Mimi siwezi kuutilia lakiri."

Mama alimtazama Kijiko kwa huruma. Kijiko alikuwa ameinamia mikono yake, akiigeuza juu chini.

"Angekuwa mtu mwingine ningebisha," alisema mwishowe. "Lakini dada akisema hautoshi, basi hautoshi."

"Pole, mwanangu. Haya, mwiteni huyo aliyeko ngazini."

Viti vilirudishwa vilikotoka. Kijiko alipata kazi ya kuosha sufuria jikoni kwa watu, kwani mpishi walikuwa naye. Chumba kikajaa magodoro, mengine yamesimamishwa ukutani na mengine yamelazwa chini. Siku ya jino ni kama waliambiwa mpishi hayupo, lakini safari hii wateja hawakuwa na wa kuwaambia. Waliendelea kuja saa saba, wakakaa juu ya magodoro kwa kukosa viti, na magodoro yakabonyea. Mwenye duka hakulifanya kuwa jambo. Aliweka bei mbili, ya asubuhi na ya baada ya chakula, na mtaa mzima ukajua kwamba godoro la alasiri ni la kuelewana. Kilichomchosha ni mtu mmoja wa jioni aliyekaa kwenye lile la dirishani na kulielemea upande mmoja tu, mpaka likaota shimo. Akapeleka malalamiko ofisi ya vipimo, kwa kuwa hakujua apeleke wapi pengine.

Alitumwa Mkaguzi. Alikuja wiki nzima, kila siku akiweka godoro lingine juu ya mizani na kusubiri. Wote walikuwepo, na wote walikuwa wamepungua. Yule wa themanini na mbili sasa alikuwa sabini na moja. Wengine walikuwa na uzito wa kuku. Siku ya mwisho alimsubiri yule wa dirishani. Alikuja jioni, akakaa, na godoro likabonyea kidogo tu, upande wa kushoto. Mtu anayekuja kula kila siku akakuta magodoro hana budi kukonda.

"Wataisha hawa?" aliuliza muuza magodoro.

"Wataisha," alisema Mkaguzi, akafunga sanduku lake.

Nje alikutana na Kijiko akitoka kazini, vidole vimekunjamana kwa maji ya sabuni. Kijiko alimpokea sanduku bila kuombwa, wakatembea pamoja mpaka njia panda.

"Nimesikia unawapima tena," alisema. "Wakoje?"

"Wanapungua."

"Wanapungua kweli? Wote?"

"Wote."

Kijiko alisimama. Akaweka sanduku chini, akashika kifua, akacheka kwa mara ya kwanza tangu viti virudishwe.

"Dada, leo acha nikuambie ukweli. Kila siku nalala macho. Nawaza labda ulikosea, labda wangekuja, labda hapa duniani palikuwa na watu wangu. Nikawa nakuwazia vibaya, nisamehe. Kumbe wasingedumu! Ningemponza mama. Ulipima sawasawa."

Akamkumbatia, kwa nguvu, na shati lake lilinukia sabuni na chakula cha watu wengine.

"Si neno," alisema Mkaguzi.

Kijiko akaenda zake, akipunga mkono, akiwasalimia watu wa vibarazani nao wakimwita aje akae. Mkaguzi alimtazama mpaka akakata kona. Leo huyu atalala usingizi, aliwaza, na akamwonea wivu.