Pete Iliyoingia Bila Nyundo

Siku niliyomkuta mama mkwe wangu ameosha karai lake kubwa la kukandia unga na kuliegemeza ukutani, nilijua mambo yameharibika. Tangu nimuoe binti yake sijawahi kuliona karai lile likiwa kavu.

"Gari likikataa tena safari hii, mwanangu, naacha kuoka," aliniambia, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa.

Gari lenyewe ni kigari cha kusambazia mikate alichoachiwa na marehemu mumewe. Mtaa mzima unakijua kwa mlio wake, watu wanatoka na vikapu kabla hakijakata kona. Injini ilichemka, silinda hedi ikapinda, yaani kile kichwa cha alumini kinachofunika injini juu. Karakana moja mjini wakaifanyia ukarabati, ikarudi inang'aa kama sufuria ya bibi harusi. Asubuhi gari linawaka vizuri kabisa. Likishapata moto, kwenye mlima wa pili, linaanza kuchechemea kama mtu mwenye kokoto kiatuni. Likipoa, limepona. Mke wangu akasema limerogwa. Mimi na diploma yangu ya ufundi wa magari nikabisha.

Nikaifungua hedi, nikaipindua, nikamimina petroli kwenye matundu ya valvu, vile vizibo vinavyofungua na kufunga njia za hewa na moshi, nione kama zinavuja. Nikaenda kunywa chai. Narudi, hakuna hata tone lililopenya. Kila valvu imetulia kwenye kiti chake, ile pete ya chuma kigumu iliyopachikwa ndani ya alumini ili valvu ifungie hapo. Nikataka kukata tamaa, mara jicho likanasa kitu: mstari wa masizi, mwembamba kama unywele, nyuma ya pete ya tatu. Masizi hayana miguu. Yamefikaje nyuma ya pete iliyobana?

Nikaitoa valvu ile, nikaipasha hedi moto kwenye jiko la mkaa, nikavaa glavu, nikaigusa pete kwa kidole.

Ikazunguka.

Nilirudi nyuma kama nimeguswa mimi. Alumini hutanuka kuliko chuma. Hedi ikipata joto shimo linapanuka, pete inabaki inaelea. Hayo niliyaandika kwenye mtihani nikapata alama zangu. Kuyaona yakizunguka chini ya kidole ni habari nyingine kabisa. Hedi ilipopoa, pete ikabana tena, ikanitazama kama si yeye.

Rafiki yangu fundi wa kukereza vyuma akaitoa pete ile, akanyoosha lile shimo, akanichongea pete mpya, nene kidogo kuliko shimo lenyewe. Mama mkwe akaigeuzageuza mkononi, akauliza kitu kinene kinaingiaje kwenye kitundu chembamba. Nikamweleza kwamba pete tunaigandisha kwenye friza, hedi tunaioka. Vikikutana, kimoja kimesinyaa, kingine kimepanuka. Ila nafasi ni moja tu. Ikikaa upande itakwama hapo hapo, ukiigonga hedi inapasuka, na hedi nyingine ya injini ile nimeshaitafuta hadi nimechoka.

"Kwa hiyo naomba tanuri lako, mama."

Akaenda kuchochea moto.

Kipimajoto sikuwa nacho. Yeye alikuwa na unga. Kila baada ya muda anafungua mlango wa tanuri, anarusha chembe juu ya hedi, anaangalia. Ukibaki mweupe, anafunga. Mwishowe ukageuka rangi ya ganda la mkate.

"Sasa."

Nikaitoa pete kwenye friza, imefunikwa ukungu mweupe, nikaishika kwa koleo. Mzaha wote uliniisha. Nikaielekeza juu ya shimo.

"Usiisukume," alisema taratibu. "Iache iende."

Nikaiachia. Ikashuka yenyewe, haikukwaruza popote, ikatoa mlio mdogo, tik, na ule ukungu ukatoweka tukiutazama. Nikaijaribu kwa kijiti. Imeshika kama imezaliwa pale. Tulisimama mbele ya kile chuma kinachonukia mkate, utadhani tuko msibani au harusini.

"Pete yangu ya ndoa iliingia kwa sabuni," mama mkwe akasema mwishowe. "Tena kwa kulazimisha."

Nikakisugua kiti na valvu yake hadi vikashikana, nikapaka rangi ya bluu kidogo kuhakikisha vinagusana pande zote. Valvu ikaacha duara moja jembamba, halijakatika popote. Nikafunga injini. Mama akapanda mbele, mkoba mapajani.

Mlima wa kwanza, kimya. Wa pili, nikatega sikio. Sindano ya joto kwenye dashibodi imeshapanda, injini inaunguruma vilevile, haikosi hata pigo moja. Watu wawili walitoka na vikapu, wakatukuta hatuna mkate. Mama akawapungia mkono.

Tuliporudi hakunishukuru. Alilitoa karai ukutani, akaliweka chini, mdomo juu, akaniuliza kama nimenawa mikono.