Ngano ya Parthena

Na ndege sina ugomvi. Ndege anakula, ananya, anaruka, yameisha. Wanaonitia kinyaa ni watu wanaokuja kumtazama, na zaidi yao ni yule anayewaleta.

Kila baridi inapokaribia kwisha, ule mfuko ulio chini ya mdomo wa mwari, ndege mkubwa wa ziwa letu, hugeuka mwekundu kama ini lililokatwa sasa hivi. Hapo ndipo wanapotuvamia. Wanatoka Thesaloniki, wanatoka Ujerumani, wanatoka sijui wapi, na kamera zenye pua ndefu kama mchi. Mtu mzima, ana mvi, ana pete ya ndoa, analala kifudifudi kwenye tope la tuta la ziwa lililochanganyika na mavi ya mabata bukini, anambembeleza ndege: "Njoo mpenzi, geuka kidogo, hivyo hivyo." Sijui kama mama yake akiumwa humsemesha vile.

Mimi ni mwenye mashua. Nawapeleka ziwani, mwari wanatupiwa samaki ili waje karibu, nawarudisha. Zamani nilikuwa mvuvi, lakini wakubwa wa maji huko bwawani wanalifungua ziwa na kulifunga wanavyotaka, samaki wakapungua, tukabaki kuuza sura za ndege. Parthena, mke wangu, ndiye aliyekuwa anatupa samaki, mimi nikishika usukani. Alikufa wakati wa kuvuna mahindi. Kifua kilimbana, nikakimbilia zahanati, nikakuta kufuli. Ufunguo anao mwenyekiti wa kijiji, na mwenyekiti alikuwa kwenye mkutano wa kukuza utalii. Sina la kuongeza hapo.

Mwenyekiti huyo ni Theofilos. Paa la kanisa letu limeanguka yeye akiwa madarakani, na halijainuliwa, kwa hiyo siku hizi tunasali kwenye kikanisa kidogo pale tutani, karibu na gati. Bango la mwari lakini, kubwa kuliko nyumba, hilo amelisimamisha.

Alhamisi alitukuta gatini, sisi wenye mashua.

"Jumamosi nina wageni wa maana," akasema. "Kila mmoja achemshe ngano, ndoo moja. Tutawamwagia bukini hapa tutani wasogee, watu wapige picha."

"Jumamosi ni ya Wafu," nikamwambia.

"Najua, mzee Hariton. Kwanza ndege, halafu kanisani. Kila kitu na saa yake."

"Mimi bukini siwapikii. Waoe, wawe na mpishi."

Wenzangu wakacheka. Lazaros, ambaye mashua yake hulala ubavuni mwa yangu, akadakia, "Muache, Mwenyekiti. Huyu hata yai linamshinda." Wakacheka zaidi.

"Atachemsha," Theofilos akasema, akinipigapiga bega kama anavyopiga punda wa mtu. "Namjua. Anabweka kwanza, halafu anafanya."

Kuchemsha kweli nilichemsha, ila si kwa bukini. Siku ile kila nyumba yenye marehemu hupeleka ngano kanisani. Padri anaifukizia ubani, anasoma jina, na waliopo wanakula kiganja kimoja kimoja wakisema Mungu amsamehe. Mtu akila na kusema, marehemu amepata kitu huko aliko. Hii ilikuwa ya kwanza tangu Parthena anitoke. Mtoto hatukujaliwa, na dada zake wako Ujerumani. Nani apike? Nikapika mimi. Ya kwanza iliungua nikaimwaga. Ya pili ilipasuka vizuri, punje moja moja. Inatakiwa kuanikwa usiku kucha juu ya kitambaa cheupe. Nilikitafuta sandukuni, kabatini, chini ya godoro; aliyejua kilipo ni yeye. Nikaianika juu ya shuka la maua, kwenye meza ya jikoni. Sukari, lozi, zabibu kavu na komamanga niliviweka kando nipambie mwishoni, maana sukari ikiwahi inayeyuka, ngano inakuwa uji.

Asubuhi, kabla ya ibada, nilikuwa na watu watatu wa kuwapeleka ziwani. Mmoja alikuwa mama mwenye kofia ya manyoya. Tulipofika kwenye mwari akanionyesha kitu kwenye matete.

"Mzee, unaweza kumwondoa yule? Ananiharibia picha."

Alikuwa mwari aliyekufa, tumbo limevimba, kunguru wameshamaliza macho. Nikamsukuma kwa kasia, akatoa hewa, harufu ikatupiga usoni. Wakageuza shingo, wakangoja, wakageuka tena.

"Sasa maji ni safi," akasema mmoja wa wanaume.

Safi! Mfereji wa machinjio unamwagika hapo juu kidogo, damu na manyoya. Kila mkubwa anajua na hakuna aliyekanyaga pale, kwa sababu pua ya kamera haifiki huko.

Mara tukasikia kelele za bukini kutoka tutani, kelele za kugombea chakula.

"Kuna nini kule? Tupeleke! Haraka, mzee, wataruka!"

Nikageuza mashua. Tulipokaribia niliwaona bukini wamepandana, wananyukana, wananya na kula hapo hapo, maji yamekuwa ya kijani. Wageni wa Mwenyekiti wamelala tumbo kwa safu kama samaki sokoni, kamera zinalia. Na yeye Theofilos katikati yao, na buti zake zisizojua tope, anachota ngano kwenye ndoo na kuirusha kama bwana harusi anayerusha pipi. Halafu akaokota shuka, akalikung'utia majini, punje zilizonasa zikadondoka.

Shuka la maua.

Nikazima injini. Mashua ikajiendea mpaka kwenye matete, nikaruka, maji yakanifika magotini.

"Shuka hilo umelitoa wapi?"

"Jikoni kwako, wapi tena? Nimekuta mlango wazi, nikachukua." Akawageukia wageni wake. "Si niliwaambia? Anabweka, lakini moyo wake mzuri."

"Ni ya mke wangu."

"Shuka?"

"Ngano, Theofilos. Ni ngano ya Parthena."

Kamera zikaacha kulia. Bukini hawakuacha. Lazaros alivua kofia akasema, "Maria Mtakatifu," akaivaa tena, akaivua tena. Mimi namtazama Theofilos usoni, nangoja aibu ipande. Nilingoja sana.

"Sasa mzee, ningejuaje?" akasema. "Ngano ya marehemu inaanikwa kwenye kitambaa cheupe. Wewe umeimwaga kwenye maua kama mtu anayekausha chambo. Usikasirike. Ngano ni ngano. Nitakuagizia nyingine mjini, dukani kwa keki, tena iliyopambwa."

"Kengele ya ibada inalia sasa hivi."

"Basi Jumamosi ijayo. Wafu hawana haraka, mzee wangu."

Chini kwenye tope mgeni mmoja alikuwa anakiangalia kioo cha kamera yake. "Mwanga," akajisemea, "mwanga wa leo haupatikani tena."

Nikachukua ndoo. Chini kabisa zilibaki punje za viganja kama ishirini hivi. Ndoo yenyewe ni ya gatini, ile tunayobebea samaki wa mwari. Magamba yameganda ukutani, na utelezi, na ile harufu ambayo hata sabuni haiipunguzi.

Jirani yangu, mama Sotiria, alikuwa anapita tutani kwenda ibadani, sinia lake jeupe pee kwa sukari, msalaba wa lozi juu yake. Akachungulia ndani ya ndoo.

"Hariton, achana na uchafu huo. Nitamtaja Parthena kwenye sinia langu. Nafasi ipo."

"Parthena si mpangaji."

"Wewe mwanamume! Utaingiza ndoo ya samaki kanisani?"

"Wao wameingia jikoni kwangu."

Nikaiingiza. Nikaiweka mbele, katikati ya masinia yenye mishumaa na shanga za sukari. Wanawake wakaziba pua kwa ncha za vilemba. Padri Germanos ana vijiji vitatu siku hiyo hiyo, kwa sababu askofu hataki kutuletea padri mwingine, kwa hiyo husoma mbio. Alipofika kwenye ndoo akasimama.

"Hii nini?"

"Mke wangu, Padri."

Akaitazama suruali yangu inayochuruza maji. Akamtazama Theofilos, aliyekuwa mstari wa kwanza kama kawaida, na mshumaa mnene kuliko ya wenzake. Hakuuliza tena. Akaifukizia. Ubani ulipigana na samaki, ukashindwa. Kisha akayasoma majina, na lilipofika la Parthena alilisoma taratibu, kila mtu akalisikia.

Ibada ilipokwisha nilisimama mlangoni na ndoo yangu, kama kila mwenye marehemu anavyosimama na sinia lake. Mama Sotiria alikuwa wa kwanza. Alichota, akala, na pua hakuziba. "Mungu amsamehe Parthena." Akaja Lazaros, akala na machozi, sijui ya huzuni au ya harufu. "Mungu amsamehe Parthena."

Akaja Theofilos, wageni nyuma yake, kamera zimeinuliwa.

"Hizi ndizo mila zetu," akawaambia. Kisha akaninong'oneza, "Leo tumbo haliko sawa, mzee."

"Kula."

"Hariton, watu wanatazama."

"Ndiyo. Kula."

Akachota kwa ncha za vidole, akatia mdomoni, akatafuna. Niliona anavyoitafuta pumzi. Akasema, "Mungu amsamehe mkeo."

"Ana jina."

Mazishini alileta shada lenye jina lake mwenyewe kwa herufi za dhahabu. Tutani nilimwambia jina kwa sauti. Padri alikuwa amelisoma muda huo huo, yeye akiwa mstari wa kwanza. Macho yake yakaanza kuzunguka kanisani kama ya mwanafunzi asiyejua jibu, na kijiji kizima kikatulia kumngoja. Hakuna aliyemsaidia. Wote tuliisikia ile ngano ikigeuka mdomoni mwake.

Nyuma yake yule mama wa kofia ya manyoya alishusha kamera. Akamwambia kwa sauti ndogo, kwa Kigiriki kibovu, "Parthena. Anaitwa Parthena."

"Parthena," akasema Theofilos, masikio mekundu. "Mungu amsamehe Parthena."

"Sasa meza."

Akameza. Nikamsogezea ndoo aliyefuata.